Malaria ya Kichwa na Kijiji cha Kwenye Kompyuta

Mniruhusu nizungumze nikiwa nimekaa, maana nikisimama sana miguu inalegea. Naitwa Phanice. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mpishi mkuu katika shule moja ya bweni karibu na Kitale. Nilisonga ugali wa wasichana mia tatu, na sikuandika chochote. Kuni, unga, maharagwe, yote yalikaa kichwani.

Mwaka ule mvua ilizidi. Jumatatu nilisikia baridi nikiwa mbele ya moto. Jumanne kichwa kiliuma hadi nikatapika nyongo. Nilimeza vidonge vya dukani nikaendelea kupika. Alhamisi nikaanguka jikoni. Niliambiwa baadaye kwamba nilitetemeka mwili mzima, nikauma ulimi, nikajikojolea. Mimi nakumbuka tu kuamka hospitalini, ulimi umevimba, mume wangu Barasa akinifuta mate.

"Malaria ilipanda kichwani," daktari akasema. "Umekaa siku nne bila fahamu. Utapona, lakini ubongo umechoka. Uupe kazi polepole."

Homa iliisha. Akili haikurudi. Nywele zilikatika, mkono wa kulia ukawa unatetemeka. Niliporudi kazini nilitia chumvi kwenye maharagwe mara tatu kwa asubuhi moja. Mwalimu mkuu akaniita kando.

"Mama, nenda upumzike. Nitakushikia nafasi mpaka Januari. Zaidi ya hapo sitaweza."

Barasa alikuwa na ng'ombe na mahindi kule Endebess, kwa hivyo akanipeleka Bungoma kwa mdogo wangu, Nasimiyu, aliyefundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini. Kwake nililala nikitazama ukuta. Nilimuuliza leo ni siku gani, akanijibu, nikamuuliza tena.

Siku moja wanafunzi walipoondoka, alinikalisha mbele ya kompyuta. Kulikuwa na mchezo. Unapewa watu wachache na msitu. Unawatuma wakate miti, walime, wajenge ghala na ukuta, kabla maadui hawajafika. Yote unayapanga kwa pamoja.

"Mimi mtu mzima, ati nicheze?"

"Cheza, bana. Daktari si alisema ubongo upewe kazi? Anza na kuni."

Siku ya kwanza niliwatuma wote msituni, wakafa njaa. Siku ya pili walilima, nikasahau ukuta. Kile kidude cha mkononi wanachokiita kipanya kiliniruka ruka. Kiingereza cha kwenye kioo kilinipita. Baada ya nusu saa kichwa kiligonga, na mara moja nilitapika kwenye ndoo ya takataka. Nasimiyu alinieleza: huyu analima, huyu anajenga, askari hapatikani bila chakula. Kesho yake nilikuwa nimesahau. Akaanza upya.

Wiki ya tatu nikasukuma kiti. "Nimechoka. Hata watu wa uongo nawaua kwa njaa."

"Jana uliwalisha mpaka maadui wakaja," akasema. "Wiki iliyopita hukufika hapo."

Niliendelea, kwa uchovu tu, si kwa imani. Hata Novemba nilikuwa bado nashindwa. Kisha alasiri moja nikajikuta najenga ukuta upande wa mto. Nikajiuliza, kwa nini mtoni? Kwa sababu jana maadui walipitia mtoni. Nikaacha kila kitu.

"Nasimiyu! Jana walipitia mtoni!"

Alikuja mbio akidhani nimeanguka. Aliponielewa tukakumbatiana tukalia. Huku nyuma maadui wakachoma kijiji chote.

Januari nilirudi jikoni. Sijawa kama zamani. Sufuria kubwa wanainua wengine, na nikishamaliza chakula cha mchana lazima nilale. Lakini maharagwe yanaiva, na chumvi naitia mara moja.

Sisemi mchezo ni dawa. Homa ikikushika usifanye kama mimi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mgonjwa wako akiuliza jambo lile lile mara kumi, mjibu. Namshukuru Mungu, namshukuru Barasa, lakini Nasimiyu alinijibu kwa miezi minne bila kupandisha sauti.

Juzi nilimuuliza kama hakuwahi kuchoka.

"Sana, dada," akasema. "Nilikuwa naenda kulia nyuma ya chuo, nanawa uso, halafu narudi."