Mume Wangu Alipoacha Sima

Uhuru ulipokuja, mume wangu alipata kiti. Kilikuwa kiti cha mbao ngumu chenye mikono miwili, alichokiacha Mzungu aliyekuwa akiongoza ofisi ile ya boma la Kwale, na Mzungu mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito. Siku ya kwanza kilimwenea mume wangu vizuri. Haukupita muda mrefu, akawa akiinuka kinainuka naye, kimemng'ang'ania nyuma, na karani wake anageuza uso dirishani kwa adabu.

Hakuna aliyeona ubaya. Miaka ile, Mwafrika aliyepewa kazi ya Mzungu kisha akabaki mwembamba, watu walijiuliza mshahara anaupeleka wapi. Mavyaa, aliyekuwa akija kutoka Msambweni na kukaa nasi hata miezi, kila akimwona mwanawe anashuka garini alisema, "Mashallah, mwanangu amenawiri." Kisha alinigeukia mimi: "Mke mwema huonekana kwa mumewe." Nami nilijisikia vizuri sana. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini kuwafundisha akina mama lishe ya watoto, na nyumbani ushahidi wa masomo yangu ulikuwa ukizidi kupanuka.

Mavyaa ndiye aliyewaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga msafara mlangoni mwa choo, na kila wakimwagiwa maji walirudi. Wakati huohuo mume wangu akawa hashibi maji; anamaliza mtungi kama mtu aliyetoka kulima. Mavyaa alisema ni hasadi ya watu kwa sababu ya kile kiti. Mimi nilimpeleka kwa daktari.

Daktari yule alikuwa mtu wa maneno machache na wagonjwa wengi. Alimpima, akasema, "Una sukari. Kuanzia leo acha wanga. Wali, sima, muhogo, viazi, mkate, mahamri, vyote acha. Chai, bila sukari."

Mume wangu alimeza mate. "Na nyama?"

"Nyama haina wanga."

"Samaki? Mayai? Samli?"

"Hakuna neno," alisema daktari, macho yake yakiwa tayari kwa mgonjwa aliyesimama mlangoni.

Mume wangu aliyabeba maneno yale mawili kama fatwa. Hakuna neno. Alikuwa mtu mkweli, hakuwahi kuvunja amri ya daktari hata siku moja. Wali hakuugusa. Muhogo alikuwa akiupita kama anavyoupita mlango wa baa. Lakini asubuhi alikula mayai yaliyoogelea katika samli; saa nne alitafuna korosho ofisini; mchana kuku wa kupaka; jioni samaki changu mzima katika tui zito, na kwa kuwa hakukuwa na wali wa kulinyonya lile tui, alilinywa kwa kijiko mpaka sahani ikabaki nyeupe. Wali ulikuwa umekatazwa. Mchuzi haukutajwa.

Nilikuwa na rafiki, muuguzi, ambaye wazazi wake walitoka Ukambani wakapewa shamba Shimba Hills. Alipita siku moja, akamkuta mume wangu mezani, akasimama kuangalia kama mtu anayeangalia nyumba ikiungua.

"Bwana, daktari amekukataza wanga, sawa," alisema. "Lakini hajakuambia hivi vingine havina hesabu. Kila chakula kiko na kalori. Hiyo samli iko na kalori kushinda sima."

"Kalori ndiyo nini?" aliuliza mavyaa, aliyekuwa ameketi mkekani akimenya vitunguu.

"Ni nguvu iliyo ndani ya chakula, mama. Ikizidi, mwili unaiweka. Ndiyo hii." Alilionyesha tumbo la mume wangu kwa kidevu, bila kulitaja.

"Na nyinyi mwaihesabu hiyo nguvu?"

"Inahesabika, mama."

Mavyaa aliweka kisu chini. "Mwanangu, chakula hakihesabiwi. Ukihesabu tonge la mtu, umefukuza baraka. Mimi hata wanangu sijapata kuwahesabu mbele za watu, sembuse matonge!"

Mume wangu alijifuta ndevu. "Mama ameshasema," alisema kwa unyenyekevu, akavuta sahani. Katika miaka yote niliyoishi naye, sijapata kumwona akimtii mama yake kwa haraka namna ile.

Basi akazidi. Fundi cherehani wetu, aliyekuwa amezoea kuachia mishono ya suruali za mume wangu, mwisho alimrudishia suruali moja kwa huzuni. "Bwana mkubwa," alisema, "kitambaa kimekwisha." Mume wangu alikasirika, akasema vitambaa vya siku hizi ni vibaya. Kila nikitaka kusema, nilimwona mavyaa ananitazama.

Ndipo masika ikakosa, na vuli nayo ikanyunyiza tu. Huku kwetu pwani minazi ilivumilia, lakini kule ndani, kutoka Kinango hadi Taru, nchi iliwaka. Serikali ikaleta mahindi ya njano kwa malori, na mume wangu akapewa kusimamia ugawaji. Alikuwa mwadilifu, hilo nitamsifia popote. Kila mdomo ulipewa kopo kwa juma, na kopo lilikuwa la kufuta, si la kilele: lilijazwa, kisha yeye mwenyewe alipitisha rula ya ofisi juu yake, punje zilizozidi zikarudi guniani. "Asipate mtu kilele, mwingine akakosa," alikuwa akisema. Akina mama walikuwa wakiifuata ile rula kwa macho, kutoka ukingo hadi ukingo.

Siku moja niliandamana naye ng'ambo ya Taru, kwa sababu safari ile malori yalileta pia maziwa ya unga, nami nilitakiwa kuwaonyesha wanawake namna ya kuyachanganya. Tulipokelewa na mama mmoja ambaye mumewe alikuwa ameswaga ng'ombe mbali kutafuta maji. Ugawaji ulifanyika uani kwake. Alipopata mahindi yake aliondoka kimya, na tulipokuwa tukifunga magunia akarudi na sima, imefinyangwa vizuri, na kibakuli cha mboga za mwituni. Alipiga goti, akaweka chakula mbele yetu barazani.

Mume wangu alimshukuru kwa adabu zote za pwani, kisha akasema, "Lakini mimi, mama, sili sima."

Yule mama alidhani hakusikia. "Huli sima?"

"Daktari amenikataza."

"Basi unakula nini, bwana mkubwa?"

Hapo ndipo ukweli wake ulipomponza. "Nyama," alisema. "Mayai, maziwa. Chochote kisicho cha unga."

Yule mama alimtazama, akautazama na mwili wake, kama anayepima kazi iliyo mbele yake. "Haya. Ningojee kidogo."

Tulidhani amekwenda kutafuta mayai. Mimi nilimega sima, nayo ilikuwa tamu kwa njaa niliyokuwa nayo. Mara tukasikia mbuzi analia nyuma ya nyumba, mlio mmoja, kisha kimya. Niliinuka mbio. Nilipofika, kazi ilikuwa imekwisha. Dereva wetu alikuwa anafuta kisu. Yule mama alikuwa amemwita yeye achinje, kwa kuwa ni Mwislamu, ili mgeni ale halali. Dereva naye alidhani ni amri ya bwana.

"Mama, mbona umefanya hivi?" nilimwuliza. "Una mbuzi wangapi?"

"Alikuwa huyu. Wenzake wamekwisha."

"Sasa kwa nini?"

Alinishangaa kweli. Hakuwa na kejeli hata chembe, ningalifurahi angalau kama angalikuwa nayo. "Si amesema hali sima? Sisi twala sima kwa kuwa hatuna nyama. Yeye hali, maradhi yamemkataza. Nimwache mgeni wangu arudi na njaa kwa ajili ya mbuzi?"

Nilirudi barazani nikamweleza mume wangu. Uso wake ulibadilika rangi. Kukataa mara ya pili kungekuwa tusi, na mbuzi asingefufuka. Nyama ilipoletwa, watoto wa nyumba ile walikaa mbali kidogo, wametulia kupita umri wao. Mume wangu alitaka kuwaita, yule mama akamzuia: "Kula kwanza, bwana. Cha mgeni hakigawiwi kabla mgeni hajashiba."

Alichukua kipande kidogo. Akatafuna muda mrefu. Akachukua kingine, kidogo kuliko kile, kisha akasukuma sinia na kusema alhamdulillahi, ameshiba.

Yule mama aliniinamia sikioni. "Ameshiba? Mtu mkubwa hivi? Au nyama ni ngumu?"

"Ameshiba, mama," nilisema. "Huwa anakula kidogo." Dereva alikohoa, akaenda kuangalia magurudumu. Watoto wakaitwa.

Njiani, tulipoanza kuuona mlima wa Kwale, mume wangu aliniuliza, macho barabarani, "Lile kopo langu... ni kalori ngapi?"

Sikujua. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa rafiki yangu muuguzi, na huyo akamkokotolea. Alirudi mnyonge. Alichokuwa akikila yeye kwa siku moja, bila punje ya wanga, kilipita kile ambacho rula yake ilimkadiria mtu wa Taru kwa siku kadhaa. "Na mimi ndiye ninayeumwa," alisema, akacheka kicheko kisichokuwa na raha.

Tangu hapo akaanza kuhesabu. Wanga aliendelea kuuacha, lakini na hivyo vingine vikawa na mpaka: nyama kiasi cha kiganja, samli kijiko kimoja, korosho za kuhesabika, tui siku ya Ijumaa tu. Alihesabu kwa sauti, na kila hesabu ilikuwa kama mwiba kwa mavyaa. Siku za mwanzo alisusia meza. Kisha akaingia jikoni kunisaidia, nami nikamshukuru Mungu kwa amani.

Lakini niliona mchicha unang'aa.

"Mavyaa," nilisema, "huu mchicha umetiwa nini?"

"Maji."

Nilichovya kidole. "Mavyaa, hii ni samli."

Wala hakushtuka. "Mimi nimetia bila kuhesabu," alisema. "Kwa hivyo haimo katika hesabu zenu."

Pamoja na mchicha ule, mume wangu alipungua. Kiti kikaanza kumwachia. Nilidhani watu watatupongeza. Kumbe ndipo shida zilipoanza. Msikitini walimwuliza kwa upole kama kuna tatizo kazini. Karani wake alisikia kwamba bwana mkubwa anaachishwa kazi, na kwa siku kadhaa akawa hasimami bwana wake akiingia. Wanawake wa darasa langu waliniuliza kama tumegombana, na mmoja aliyekuwa jasiri akasema, "Mwalimu, wewe watufundisha sisi kulisha, na wako wamnyima?" Ndugu za mume wangu walikuja kutoka Msambweni na jogoo watatu, wakakaa, wakanywa chai, wakatazama ukuta, wakaondoka bila kusema walichojia.

Daktari peke yake ndiye aliyefurahi. Alimpima, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Unaona? Nilikuambia. Ni wanga tu." Rafiki yangu muuguzi akasema ni kalori. Mavyaa, aliyekuwa ameleta shehe mara mbili kusoma dua, hakubishana na yeyote, alijua alichojua. Mimi niliwasikiliza wote watatu, na hadi leo wajukuu wangu wakiniuliza kama aliyeacha wanga ana haja ya kuhesabu, huwa nawaambia kwamba babu yao alipona njia zote tatu kwa wakati mmoja.

Mvua ilirudi mwaka uliofuata. Mume wangu, ambaye jambo lile halikumtoka moyoni, alinunua mbuzi mzuri pale Taru, katika soko la kando ya barabara, akampa dereva ampeleke kwa yule mama. Dereva alirudi na salamu. "Amefurahi sana. Amesema mbuzi amefika, na siku bwana mkubwa akipita, atamchinjia huyohuyo."

Mume wangu alikaa kitako kwenye ngazi. "Sasa nifanyeje? Nisipite njia ile maisha yangu yote?"

Nilifikiri. "Nenda Ramadhani," nilimwambia. "Mchana."

Akaenda kweli, nami pamoja naye. Shamba la yule mama lilikuwa la kijani mpaka mlangoni, na mbuzi alikuwa amefungwa pembeni, mnene, akitafuna. Yule mama alisikitika mno kusikia tumefunga. "Ah, na mwaka huu chakula kipo!" alisema. Alimtazama mume wangu juu mpaka chini, jinsi alivyokuwa amepungua, akajishika kifua. "Masikini. Na nyinyi kule njaa iliwafika?"

Aliingia shambani mwenyewe, akavunja mahindi mabichi mpaka kikapu kikafurika, kilele juu ya kilele, akakipakia garini kwa mikono yake, akakataa shukrani.

Tulifika nyumbani jua likikaribia kuzama. Mavyaa aliyachoma yale mahindi juu ya mkaa, harufu ikajaa ua mzima. Adhana ilipotoka, mume wangu alifungua saumu kwa tende moja, akanywa maji, kisha akanyoosha mkono akachukua hindi. Mimi na mama yake tulitazamana. Alikula polepole, mstari kwa mstari, mpaka likabaki gunzi tupu. Hakuhesabu, wala hakuna aliyemwuliza. Yaliyobaki aliyapeleka kwa majirani yangali moto.