Mchumba Wangu Kamgeuza Marehemu Babangu Kuwa Babake

Mashosti zangu wa humu, hamjambo? Admin nifiche jina nakuomba, nikijulikana kwetu patawaka moto. Mie msichana wa miaka ishirini na tatu, Mpemba, nakaa Barking, hapa London, na mama, nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno. Nina mchumba, harusi imekaribia, kadi zishatoka. Na nikimtazama sasa hivi nasikia kinyaa. Kinyaa cha kweli, kama mtu aliyekuta unywele kwenye uji na keshaumeza nusu.

Nianze hapa. Mie nina wazimu wa mpira wa Kimarekani. Si soka, ule wa kuvaa kofia ngumu na kugongana. Na hasa ule wa vyuo, wanaocheza wanafunzi. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kutazama vipande kwenye simu ndani ya treni, nikanogewa, nikazisoma sheria mwenyewe. Kila msimu ukikaribia natabiri timu kumi zitakazotamba, na sababu natoa. Na napatia, wallahi! Msimu uliopita timu niliyoiweka ya pili walinicheka, ikafika fainali. Majina ya timu siyataji, wanaonijua watanijua.

Wenzangu wote wanamtazama mrusha mpira, yule kijana mzuri wa kwenye mabango. Mie huyo namwacha mwisho. Natazama kwanza yale majitu matano ya mbele yanayomlinda: nani kabaki, nani kahamia chuo chengine, wanasimama vipi. Hii nimeipata kwa marehemu baba. Nikiwa mdogo Pemba alikuwa akinibeba mabegani kwenda mchezo wa ng'ombe, ule wa watu kumchezea dume uwanjani. Kabla dume halijaanza kuchezwa ananiuliza, "Huyu vipi, mama?" Mie nakodolea pembe. Yeye anacheka, "Achana na pembe, tazama miguu. Ng'ombe anacheza kwa miguu." Baba alifariki kabla hatujahamia huku. Picha zake sina nyingi. Nina maneno hayo.

Sasa mchumba wangu. Kazaliwa hapa hapa London, wazee wake wa Unguja, wanakaa Thornton Heath. Ana chaneli anachambua mpira huo kwa Kiswahili. Utabiri wangu, sura na sauti zake. Nilikubali mwenyewe, mie kamera siipendi. Namtumia ujumbe wa sauti, namweleza timu moja moja na hadithi zangu zote, yeye anakwenda kusema. Mashabiki wanamwita Profesa. Hilo halikuniuma hata kidogo.

Juzi akakusanya mashabiki kwenye ukumbi hapa Barking, kutangaza kumi bora za msimu unaokuja. Wakenya, Wabara, Wazanzibari, pamejaa. Mie nimekaa nyuma. Akaanzia ya kumi, akapanda, kelele tupu. Alipoitaja ya kwanza, Mkenya mmoja akaruka juu, "Prof, huyo kijana wao anayerusha mpira hata ndevu hana! Umeona nini hapo?"

Mchumba wangu akainamisha kichwa. "Marehemu baba yangu," akasema, "alikuwa akinibeba mabegani kule Pemba kwenda mchezo wa ng'ombe..."

Mashosti! Neno kwa neno! Mabegani, pembe, miguu, hata kicheko cha baba akakiiga kama nilivyomwigizia mie. Pemba yenyewe hajaikanyaga! Na babake yu hai, mzima, muda huo yuko nyumbani anatazama taarifa ya habari. Mama mmoja mbele yangu akafuta machozi, "Woiye, pole sana." Naye akaipokea ile pole! Kaweka mkono kifuani!

Tulipotoka nikamvaa. "Umemuua babako?"

Akacheka. "Habibti, hiyo inaitwa kugusa watu. Umewaona walivyolia?"

"Yule ni baba yangu mie."

"Si mzee wetu sote? Halafu keshakufa, hapungukiwi kitu. Nimemfanya ajulikane."

Nilitema mate pale pale kando ya njia.

Nikadhani uchafu umeishia hapo. Wapi! Keshoye kaja kwetu na sambusa, uso mkunjufu. Kumbe mashabiki kibao kawaalika harusini. Anatafuna, ananiambia, "Kuna kitu kidogo tu. Siku hiyo watu wakiuliza, babangu tuseme ni ami yangu, ndugu wa baba. Ami aliyenilea. Wewe ukisema wataamini."

"Na mzee mwenyewe je?"

"Masikio yake mabovu, hatajua." Akachukua sambusa nyengine. Khaa!

Nimemwambia mama. Kamlilia baba upya, kisha kajifuta, kasema, "Mwanangu, wanaume wana upuuzi wao. Utavunja ndoa kwa hadithi ya ng'ombe? Watu tutawaambia nini?"

Sasa hiki ndicho kinachonimaliza. Yule mzee ananipenda, tangu nimeposwa haniiti ila mwanangu. Jana kanipigia, anapiga kelele kwenye simu kama wasiosikia wanavyofanya. "Mwanangu! Nimepata kanzu mbili, moja nyeupe, moja rangi ya maziwa! Mie ndiye baba wa bwana harusi, nitakaa mbele kabisa wanione watu wote! Nivae ipi?"

Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Mzee anangoja jibu. Mchumba naye kila saa ananiuliza kama tumeelewana. Kunioa keshanioa nusu, kadi mikononi mwa watu. Lakini nikifikiria kusimama mlangoni siku hiyo, nimwelekeze mzee yule kiti cha ami, natamani nizichane kadi zote. Nikimwambia ukweli namvunja yeye. Nisipomwambia namzika yungali hai, mimi na mwanawe.

Shosti, mwenzangu, ungekuwa ndiye mimi na simu iko mkononi hivi, ungempigia mzee ukamwambia nini?