Karatasi Haina Utani

Nilirudi Lindi kutoka chuo kikuu cha Uganda nikiwa na shahada na hofu. Kule tulipewa alama kwa kumpinga mhadhiri, mradi tuwe na sababu. Nami nikataka kufundisha vivyo hivyo katika chuo cha ualimu nilichopangiwa. Mkuu wa chuo, Mwingereza, alikuwa bado hajaamua kama nitathibitishwa kazini.

Darasani nilisoma kitabuni: mkulima akipewa mbegu bora, njaa itakwisha. Nikauliza, "Kweli?"

"Kweli, bwana mwalimu," likajibu darasa zima.

Wiki tatu ilikuwa hivyo. Nikaanza kujiuliza kama ile ni adabu yao, au swali langu ni bovu, au sauti yangu ndiyo inayoomba kukubaliwa.

Siku moja akasimama mmoja. Alikuwa Mngindo, mimi Mmwera. Basi sisi ni watani.

"Uongo mtupu," akasema. "Wewe Mmwera gani usiyemjua nguruwe mwitu anavyomaliza mashamba? Hiyo mbegu bora ataipenda zaidi. Na shamba atalinda nani, vijana wote wako kwenye mkonge? Utakufa njaa na kitabu chako mkononi, na sanda yako nitaivaa mimi!"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilikuwa nahesabu: sababu mbili, na hata moja haikutoka kitabuni.

Kwenye mtihani nikatoa swali lilo hilo, kwa alama kumi, zikiwamo za hoja ya mwanafunzi mwenyewe. Somo la hesabu lilikuwa limemwangusha yule Mngindo. Bila kupata saba hapa, ualimu ungemponyoka. Nilipofungua karatasi yake, nilikuta maelezo ya kitabu niliyoyanakili ubaoni, neno kwa neno.

Nikamwita pembeni. "Mbona hukuandika yale ya siku ile?"

"Siku ile nilisema na wewe, mtani. Karatasi anaipitia Mzungu. Mzungu ni mtani wangu?"

Nikampa saba. Mkuu akaniita, akaisoma karatasi mara mbili, akaisukuma upande wangu.

"Nionyeshe hoja yake mwenyewe iko mstari gani."

Nikasema alihoji vizuri darasani.

"Alisema nini?"

Hapo nikanasa. Ningeanzia wapi? Kwamba aliniita mwongo mbele ya wote, akaniahidi kuivaa sanda yangu? Kwa bwana yule hayo yalikuwa matusi kwa mwalimu. Kijana angefukuzwa kwa utovu wa adabu. Ningeweza kutaja nguruwe na mkonge tu, nikaacha mengine. Ningeweza pia kumweleza utani ni nini. Lakini niliwaza: mkuu akiwauliza wanafunzi wengine? Akiniona mwalimu asiyeheshimiwa? Hadi leo sijui nilikuwa namlinda yule kijana au kazi yangu.

"Sikumbuki vizuri, bwana," nikasema.

Akakata saba, akaandika nne, akanipa kalamu niweke sahihi pembeni. Nikaweka.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa. Nilikuwa bado napanga maneno ya kumwambia kijana, nikiyapima moja moja, wakati yeye alikwisha panda lori la Mingoyo, kwenda kwenye mkonge.