Pedeli ya Kushoto

Sisimizi hakupewa jina hilo bure. Tangu utotoni hakuwahi kukaa kitako chai ikaisha kikombeni. Ukimpa kigoda, atakipindua kwanza atazame kama miguu yake inalingana. Sasa ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, fundi cherehani, na wateja wake wamezoea kupimwa na mtu anayezunguka kama pia. Aliyempa jina ni baba yake, fundi baiskeli, mtulivu kama maji ya mtungini.

Siku hiyo Sisimizi alikuwa ameingia na kutoka bafuni mara zisizo na idadi. Baba alikuwa anarudi kutoka hospitali baada ya kiharusi, mkono na mguu wa kulia vimelegea. Kaka mtu, karani, alikuwa ametoa sharti: daktari anataka vyuma vya kushikilia ukutani, kimoja kando ya choo, kingine mlangoni. Akifika saa kumi avikute. Asipovikuta, hamshushi mzee. Anampitisha moja kwa moja hadi kwake, ghorofa ya nne, kusiko na baiskeli ya kugusa wala mtu wa kusalimiana naye dirishani. Aliyasema hayo kwa upole, na upole huo ndio uliomnyima Sisimizi usingizi.

Vyuma vilikuwepo. Drili ya baba ilikuwepo pia, ila kichwa chake, yale meno matatu yanayobana ncha, kilikuwa kimeganda kwa vumbi la saruji, meno wazi kama mdomo wa mtu aliyesinzia. Ukitia ncha, inaanguka. Alikuwa amenunua kichwa kipya. Cha zamani ndicho kilichokataa kutoka. Seremala wa jirani, ambaye drili yake ilikuwa ya mbao tu, alikuja kusaidia. Alikivuta kwa spana ya bomba hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha akamulika kooni mwa kile kichwa, akaona skrubu imejificha ndani. Akaizungusha kushoto kwa bisibisi, kama skrubu zote anazozijua. Haikutikisika.

"Hii imeshaolewa," akasema, akijifuta jasho. "Talaka yake ni msumeno." Akaenda kula.

Sisimizi akatia mafuta, akangoja, akahesabu hadi kumi, akashindwa kungoja zaidi. Akazungusha kushoto. Bisibisi ikateleza, ikaanza kuitafuna skrubu. Akafagia bafu lisilokuwa na taka. Akarudi. Saa nane na nusu.

Akampigia kaka yake simu kuomba muda, akaeleza yote kwa pumzi moja: kichwa, skrubu, kushoto, mafuta. Kaka akamwambia asijitaabishe, hakuna atakayemlaumu. Nyuma yake ikasikika sauti nzito, ya kuburuta, kama kabati linasogezwa.

"Baba anasema nini?"

Kaka akashusha sauti. "Nimeweka spika, amekusikia, basi anarudia 'pedeli ya kushoto'. Unaona mwenyewe, mdogo wangu. Akili zinakuja na kuondoka."

Sisimizi akasimama tuli. Alikuwa na miaka tisa alipopigana na pedeli ya baiskeli hadi viganja vikatoka malengelenge, baba akimtazama tu. Pedeli ya kushoto hufunguka kinyume, ili mpandaji asiilegeze njiani kwa mguu wake mwenyewe. Machozi yalipomwishia ndipo baba alipomwambia: kitu kikizidi kukaza, jiangalie, huenda ni wewe unayekikaza.

"Akili ziko palepale," akasema. "Mwambie nimesikia."

Akazungusha kulia. Skrubu ikalia kidogo, ikaachia. Kichwa chenyewe akakibana kwa spana, akaigonga kwa nyundo kuelekea kushoto, pigo moja, la pili, na kikamdondokea kiganjani.

Gari lilipopiga honi, chuma cha choo kilikuwa ukutani. Cha mlangoni kilikuwa na skrubu mbili kati ya nne. Baba hakukubali kubaki garini, kaka akaingia amemshika kwapani, akaziona zile mbili, akafungua kinywa kusema. Baba alikuwa ameshakishika kile cha kwanza kwa mkono wa kushoto, akaegemeza uzito wake wote, kama mtu anayejaribu tawi. Kisha akageuka taratibu, akazitazama zile skrubu mbili, akamtazama binti yake aliyekuwa na drili mkononi, akihama kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

Maneno yalimchukua muda kuyapata.

"Malizia," akasema. "Nakungoja."

Akaonyesha kigoda kwa kidevu, asogezewe akae. Kaka akasimama kitambo na funguo za gari mkononi, kisha akatoka kwenda kuleta begi.