Paipu Mbili Zisizokutana

Meno yangu yana rangi ya chai iliyokolea. Si uchafu wala si uzembe. Nilizaliwa upande wa Rongai, bondeni nje ya Nakuru, kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla wazee wetu hawajagawana ekari. Sote tuliokulia pale tulikunywa maji ya kisima kimoja kirefu. Maji ya chini huku kwetu yana madini yanayoitwa floraidi. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya ufizi, yatatoka na madoa ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Kuyachemsha hakusaidii. Mama yangu aliyachemsha kila siku ya maisha yake.

Nilipoingia chuo cha ualimu, msichana mmoja wa bweni letu aliniuliza mbele ya wenzake kama kwetu tunatafuna tumbaku. Wakacheka, nami nikacheka nao, kiganja kikiwa mdomoni. Kile kiganja kilikaa pale zaidi ya miaka thelathini. Niliolewa Keringet, huko juu kwenye baridi, nikafundisha Sayansi shule ya msingi mpaka nikastaafu. Maji ya huko ni ya chemchemi, na watoto wangu wote wawili wana meno meupe. Asubuhi nilikuwa nikiwatazama wakipiga mswaki nikifurahi, na papo hapo napata hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Mume wangu alipofariki, watoto wakiwa wameshajitegemea, nilirudi Rongai. Mama alikuwa ameniachia nusu ekari kando ya barabara, na nikaamua kujenga nyumba nne za kupangisha katika safu moja, na ya tano niishi mwenyewe. Sikuwa nimefikiria rangi ya ukuta wala aina ya milango, lakini jambo la maji nilikuwa nimeshaliamua. Kila jikoni kungekuwa na mifereji miwili ya bomba. Mmoja ungetoa maji ya kisima, ya kuoga, kufua na choo. Wa pili ungetoa maji ya mvua, ya kunywa na kupika. Na paipu za mifereji hiyo miwili zisingekutana mahali popote.

Nilimpelekea mawazo hayo mchoraji ramani mmoja mwenye ofisi Milimani, mjini Nakuru. Alikuwa kijana mwenye adabu, alinikaribisha kwa chai. Niliporudi baada ya wiki mbili ramani ilikuwa tayari, safi, na yenye paipu moja tu.

"Ya mvua iko wapi?" nikamuuliza.

"Mathe, hiyo niliitoa. Itakuletea shida tu. Wapangaji siku hizi hununua maji ya kunywa ya mitungi."

"Wote?"

"Wenye kujiweza."

"Na wasiojiweza?"

Akatabasamu akasema hakuna mtu atakayekagua mpangaji anakunywa nini. Hapo nilifanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya mbele ya mgeni. Nilishusha mkono, nikafungua mdomo, nikamwambia aangalie. Aliangalia mara moja kisha akainamia karatasi zake.

"Meno haya nilipewa na watu walioona kwamba si kazi yao kukagua," nikasema. "Mimi naona ni kazi yangu."

Nilichukua ramani yake ya kuta na paa, kwa sababu hiyo ilikuwa nzuri, na ile ya maji nikaichora mwenyewe. Nilikaa mezani mchana kutwa na karatasi za miraba kama za wanafunzi wangu. Maji ya kisima yangesukumwa na mashine hadi tangi la juu ya mnara, hilo halikuwa na shida. Ya mvua ndiyo yalihitaji akili. Sikutaka mashine ya pili, kwa hiyo tangi lake lilipaswa kuwa chini ya mabati ili yaingie, lakini juu ya sinki ili yatoke. Nikapima, nikafuta, nikapima tena. Jibu lilikuwa tangi fupi na pana juu ya msingi wa mawe, na kuta za nyumba kupandishwa kozi mbili zaidi, yaani safu mbili za mawe.

Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa na anayeishi shamba la pili kutoka kwangu, alikuja akakuta mafundi wakipandisha hizo kozi mbili. Yeye alitaka niweke paa la zege ili siku moja tuongeze ghorofa.

"Unajenga nyumba ya watu au nyumba ya tangi?" akaniuliza.

"Nyumba ya watu wanaokunywa maji."

"Dada, sisi tulikunywa haya maji. Tumekufa?"

"Hatujakufa. Lakini wewe kwenye picha zote za harusi yako umefunga mdomo kama mtu aliyeudhiwa."

Akasema zege lingekuwa bora, akaenda zake.

Fundi wa mabomba alitoka Olenguruone. Alikuwa mtu mzima, hodari, mwenye mikono inayojua kazi, na aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza. Alipoiona karatasi yangu aliigeuza mara mbili akasema hajawahi kufunga kitu kama hiki, ila akielezwa ataweza. Tulielewana hivi: ya kisima iwe paipu ya kijani, ya mvua tuizungushie mstari wa rangi ya buluu, ili hata atakayekuja kutengeneza baada yetu asikosee. Pia aniwekee sehemu ya kumwaga maji ya kwanza ya mvua, yale yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya mabati.

Alifanya kazi siku sita. Siku ya saba, kabla ya wapiga plasta kufika, niliingia nyumba baada ya nyumba nikifuata kila paipu kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, jinsi nilivyokuwa nikisahihisha vitabu. Nyumba tatu zilikuwa sawa. Katika ya nne, chini ya dirisha la jikoni, kidole changu kilitoka kwenye ya buluu kikaingia kwenye ya kijani. Katikati kulikuwa na valvu ndogo nyekundu, imefungwa vizuri kabisa.

Nikamwita. "Hii ni nini?"

Hakukana. "Ni ya dharura, Mwalimu. Mwezi wa pili mvua hakuna. Tangi likikauka unafungua hapo, ya kisima inaingia upande wa pili. Mpangaji hajui hata kitu."

"Hajui hata kitu," nikarudia.

"Eeh. Anaona tu maji yanatoka."

Hakuwa mtu mbaya. Alidhani ananisaidia, na pengine wamiliki wengi wangemshukuru. Lakini pale ndipo nilipoelewa jinsi jambo hili linavyotokea: mtu mwema anaweka njia ya mkato mahali pasipoonekana, plasta inafunika, na mtoto anakunywa.

"Itoe," nikasema.

"Watakosa maji."

"Basi wakose. Wakijua wamekosa watatafuta mengine. Wasipojua, watakunywa haya."

"Mwalimu, wapangaji watakuhama."

"Wahame wakiwa na meno yao."

Alisimama na kofia mkononi akinitazama. Nadhani alikuwa akipima kama nitachoka. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa juu yake katikati ya ile jikoni isiyo na sakafu, nikamwambia nina siku nzima. Wapiga plasta walifika wakatukuta hivyo, nikawarudisha. Ilipofika saa nane alikuwa amekata kile kipande na kuziba ncha zote mbili. Alinipa valvu ile mkononi, nikaitia mfukoni.

Wapangaji waliingia mwezi wa kumi na moja. Niliwakalisha wote, nikawaonyesha mfereji upi ni wa nini na sababu yake. Waliitikia kwa kichwa. Kitu ambacho sikukifikiria, mimi mwalimu wa Sayansi, ni kwamba maji ya mvua yanatoa povu kirahisi kuliko ya kisima. Baada ya wiki chache wote walikuwa wakifulia nguo kwa maji yangu ya kunywa. Mwezi wa pili ulipoanza, tangi lilikuwa tupu.

Mpangaji wa nyumba ya pili, mama wa watoto watatu, alinijia mlangoni akiwa na hasira. "Si uliahidi mifereji miwili?"

"Mmoja umekauka. Mmefua nao."

"Sasa tunywe nini?"

"Nina mitungi inakuja kutoka Keringet, shemeji yangu ananiletea. Tutagawana sawa. Na nguo mtafulia mfereji ule mwingine, hata kama mtasugua zaidi."

Mpangaji wa nyumba ya nne alihama wiki hiyo hiyo, akasema hawezi kuishi kwa masharti kama ya bweni. Kaka yangu alisikia, akaja kusema aliniambia. Fundi naye alinipigia simu kuuliza hali, na nikajua anataka kusikia kwamba ninajuta. Nilimwambia tangi limekauka na bado sijuti, ila aje anifungie la pili.

Kulikuwa na nafasi moja tu ambapo tangi hilo lingepata maji ya paa lote: mbele kabisa, kati ya lango na nyumba yangu, pale ambapo kila mtu hupanda maua. Kaka alisema litaharibu sura ya boma, kwamba wageni watadhani wanaingia kituo cha kupimia mahindi. Mafundi wakasimama na mawe mikononi wakitusubiri tumalize.

"Wekeni hapo hapo," nikawaambia, "na mlisogeze mbele kidogo, lionekane kutoka barabarani."