Maswali Aliyoulizwa Nuru

Njegere mbichi zikimenywa karibu na moto wa kuni za mkaratusi hutoa harufu ya majani na moshi kwa pamoja, na hadi leo nikiisikia harufu hiyo wivu hunipanda kabla hata sijakumbuka ni wa nini. Ni wivu wa mwaka niliokuwa kidato cha pili, nyumbani kwetu Magamba, majira ya kipupwe, wakati ukungu ulipokuwa ukishuka kutoka msituni mchana kweupe na kuingia jikoni bila hodi. Mama alikuwa akikaa kwenye kigoda, ungo mapajani, akimenya njegere za kitoweo. Karibu naye, begani kabisa, alikuwa akikaa Nuru, binti wa mama mkubwa. Mahali pale palikuwa pangu tangu nilipojifunza kukaa.

Nuru aliletwa kwetu kutoka Kwai kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa na hapakuwa na wa kumwangalia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, ila hawakusema ni mwenyeji yupi. Tuliwekwa chumba kimoja, darasa moja, na kitabu kimoja cha jiografia, maana shuleni walitoa kimoja kwa wanafunzi wawili. Kwetu kulikuwa na sheria kwamba mtoto anayesoma lazima asikike. Mama aliishia darasa la nne, na vitabu vya sekondari vilikuwa vya Kiingereza, kwa hiyo hakuweza kutukagua kwa macho. Alitukagua kwa masikio. Mimi nilikuwa bingwa wa sheria hiyo. Nilisoma kwa sauti hata jirani wa shamba la chini akajua nimefika mwisho wa ukurasa, na mama akipita na ndoo yake alisema, “Soma, mwanangu, soma.” Nusu ya niliyoyasoma sikuyaelewa, lakini nani aliniuliza? Maneno hayo matatu ya mama yalinitosha kama chakula.

Nuru alisoma kimya. Tena alianzia mwisho, kwenye maswali ya kumalizia sura, halafu akapitia vichwa vya habari, akatazama michoro, ndipo akarudi mwanzo kama mtu aliyekwisha kuzunguka nyumba akitafuta mlango. Alisoma kidogo, akainua uso na kuukodolea macho mteremko wa ng'ambo, midomo ikimchezacheza. Kitabu kilikuwa cha shule, hakiruhusiwi kuandikwa, basi kila mstari aliokwama aliweka punje ya haragwe juu yake, na alipouelewa aliiondoa. Siku ya kwanza mama alipoliona jambo hilo alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

“We Nuru, unasoma au unachagua maharage?”

“Nasoma, mama mdogo.”

“Mbona sikusikii?”

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilikaa vizuri ili nimwone akigombezwa. Lakini Nuru alikifunga kitabu, akakiweka kando, akaanza kumsimulia mama kwa Kishambaa yale aliyoyasoma: jinsi maji ya mvua yanavyouchukua udongo wa mlimani, yanaanza na vijifereji vyembamba kama nyuzi, vijifereji vinakutana, mwisho linakuwa korongo la kumeza ng'ombe. Hakutumia neno hata moja la kitabuni. Mama alikaa. Akauchukua ungo, kisha mikono ikasimama juu ya njegere.

“Sasa nieleze,” akasema. “Masika ndiyo mvua ndefu. Kwa nini basi shamba langu huliwa zaidi na mvua za kwanza za vuli?”

Nuru alifikiri. “Hapo sijui, mama mdogo.”

Nikasema moyoni, haya, ameumbuka. Mama hakumgombeza. “Basi rudi ukakiulize kitabu,” akamwambia, na Nuru akarudi na punje yake ya haragwe. Kesho yake alikuja na jibu kwamba wakati huo ardhi imetoka kulimwa, iko wazi, haina hata jani la kuishika. Mama akacheka kwa furaha, akamsogezea kigoda karibu.

Tangu hapo jikoni kwetu kukawa na darasa ambalo mimi sikuandikishwa. Kila jioni Nuru alifunga kitabu na kusimulia, mama akauliza, Nuru akarudi kukichimbua kitabu kwa ajili ya swali la mama. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; huyu alipewa mama yangu. Nami nikaongeza sauti. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nilijitembeza mpaka koo likakwaruza, nikisoma kuhusu udongo uleule, Kiingereza kilekile, nikingoja mama ageuke. Jioni moja aligeuka kweli. “Zubeda,” akasema, “punguza sauti, simsikii mwenzio.” Nililia chooni. Alama za Nuru hazikunisumbua, wala sifa za walimu. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, mama aniulize mimi.

Mtihani wa kidato cha pili ulipokwisha mama mkubwa alikuwa amepona, na Nuru akarudi Kwai wakati matunda damu, yale mekundu ya milimani kwetu, yakianza kuiva. Matokeo yalipotoka alikuwa ameniacha mbali, na mama akatangaza hadi msikitini. Mimi nilishangilia kuondoka kwake kama mwenye shamba aliyeona nyani wamerudi msituni. Lakini mama alimenya njegere zake kimya, na kimya hicho nacho kilikuwa cha Nuru. Nilivumilia siku chache. Kisha nikachukua kitabu cha kidato cha tatu, nikakaa mahali pangu, nikasoma kurasa mbili bila sauti, nikakifunga. Nilipojaribu kusimulia habari za mito kwa Kishambaa niligundua kwamba maneno ya kitabu hayakubali kuja; ilinibidi nijue kwanza mto wenyewe unafanya nini. Nilibabaika, nikarudi nyuma, nikaanza upya. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

“Unasema mto unapokunja kona unakula ukingo mmoja,” akasema. “Kwa nini mmoja tu?”

“Sijui, mama.”

“Rudi ukakiulize.”

Sijawahi kufurahia ujinga wangu kama siku ile.

Leo nafundisha chuoni. Wanafunzi wangu wana taa usiku kucha na maktaba nzima ndani ya simu, na wanapaka rangi ya njano kila mstari hadi ukurasa mzima unakuwa wa njano, au wanaupiga picha na kudhani wameusoma. Nawaambia waangalie vichwa vya habari kwanza, wajiulize maswali, wafunge kitabu, wamweleze mtu asiyekijua. Wanaandika ushauri huo vizuri, kisha wanaukariri. Siwalaumu sana. Wengi hawana wa kuwauliza, na wivu wangu wa zamani naona ulikuwa wivu wa mtoto aliyeijua mali ya nyumbani kwao.

Ila usidhani umepoa. Mama amezeeka, sikio la kushoto limekufa kabisa, anasikia kwa la kulia. Idi iliyopita nilipanda Magamba na sura nzima kichwani, ya kitabu ninachokisoma, nimeipanga njia nzima namna ya kumsimulia. Nikamkuta Nuru, ambaye siku hizi ni mtafiti wa udongo, amekwisha kukaa upande wa kulia. Nikamwamkia mama, nikakaa kushoto, nikaanza. Mama hakugeuka. Nikapaza sauti, bado hakugeuka. Nikainuka, mtu mzima, mwalimu wa watu, nikaenda kumsimamia Nuru.

“Nipishe,” nikamwambia.

“Subiri, dada,” akasema. “Bado ananiuliza.”