Tarakimu Mbili za Agatha

Kwa miaka kumi na mmoja sanduku la kikundi cha akiba lililala chini ya kitanda cha Efrazia, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kushika hata ufunguo wake mmoja. Ndivyo sheria ilivyokuwa pale Endasak. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na anayelilaza sanduku nyumbani kwake hashiki ufunguo. Kabla ya hapo mhazini mmoja, Modest, alishika vyote viwili, sanduku na funguo, akaondoka na akiba ya msimu mzima, na hajaonekana tena. Efrazia ndiye aliyesimama kikaoni akaidai sheria hiyo. Alikuwa mjane, mkulima wa mahindi na maharage, mama wa mtoto mmoja, na jambo alilojivunia waziwazi ni kwamba hakuna mtu kijijini aliyewahi kumuuliza swali la pili kuhusu mali ya wengine.

Mtoto wake huyo mmoja ni Justina. Alisomea uuguzi, akapata nafasi Ujerumani katika nyumba ya kutunza wazee, na mwaka wake wa tatu huko akaanza kuumwa kichwa. Uvimbe ulikuwa ndani ya ubongo. Walimpasua, akaamka nusunusu. Siku nyingine anajua watu, siku nyingine analala tu. Judith, binti wa Mbulu aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, ndiye aliyepiga simu. Alisema madaktari hawazungumzii tena miezi. "Mama, kama unakuja, njoo sasa. Kila akizinduka anakuulizia wewe."

Watu wakachanga. Kanisa lilichanga, shule ilichanga, na wafugaji wa kule Basotu ambao hata kanisani hawaingii walitoa ndama wawili kwa mkono wa mzee Sulle, aliyekuwa mwanakikundi tangu mwanzo. Hospitali iliandika barua, ubalozi ukatoa viza. Sista Fransiska, mzaliwa wa Mbulu anayeishi kwenye nyumba ya watawa kule Ujerumani, alishauri kwa simu kwamba fedha zote ziwekwe kwenye kadi ya benki, maana kule hata choo cha kituoni mtu analipia kwa kadi.

Hapo ndipo Efrazia alipofanya lile jambo lake. Alikwenda benki Katesh akiwa ameongozana na Sulle na Agatha, jirani yake, mkunga wa zamani aliyempokea Justina siku alipozaliwa. Kijana wa benki alipomsogezea kimashine achague namba ya siri, Efrazia akasogea pembeni. Sulle abonyeze mbili za kwanza, Agatha abonyeze mbili za mwisho, na kila mmoja afe na zake. Yule kijana alicheka, kisha akaona mama hachezi. Akamweleza kwa heshima kwamba namba ya siri ni ya mwenye kadi peke yake.

"Ndiyo maana siitaki," Efrazia akamjibu. "Fedha ni ya watu. Nimebeba sanduku, siwezi kubeba na ufunguo."

Agatha alijaribu kumvuta kanga. Alisema safari ni ndefu, na hakuna mtu Endasak anayemdhania mabaya. Efrazia akamwambia hao wasiodhania ndio anaotaka wabaki vilevile, kwamba kila akitaka kulipa atapiga simu, atatajiwa, na wote watajua kimelipwa nini. Basi wakafanya alivyotaka. Mmoja alibonyeza, wawili wakatazama ukutani, halafu wakabadilishana. Watu wa foleni walidhani ni mchezo. Na ukweli lazima usemwe: Efrazia alitoka benki siku ile akiwa amejaa kiburi, kile kiburi kinachovaa nguo za uadilifu, na alikiona kitamu.

Sista Fransiska alimpokea uwanja wa ndege asubuhi, akamkatia tiketi ya treni kubwa na kupanda naye hadi kituo kidogo cha kubadilishia. Kutoka pale kulikuwa na treni nyingine, fupi, ya shirika tofauti, inayouza tiketi zake kwenye mashine yake tu, pale pale kituoni. Ni mwendo wa dakika ishirini na tano, na hospitali iko ng'ambo ya barabara. Sista alilazimika kurudi na treni ileile kwa sababu alikuwa na zamu ya wagonjwa. Alimwonyesha mashine, akamwonyesha pa kugusa mpaka jina la mji lilipotokea, akamwambia aingize kadi na namba, basi. Akiwa mlangoni akaongeza, "Mama, usipande bila tiketi. Wanatoza faini na wanaandika jina."

Faini Efrazia angeisahau. Kuandikwa jina kulimwingia.

Ilikuwa saa tano kamili mchana, jua linawaka, na kituo hakikuwa na mtu. Palikuwa na benchi, saa kubwa ya ukutani na ile mashine. Aliingiza kadi. Mashine ikadai tarakimu nne. Efrazia akaitoa kadi, akampigia Sulle.

Sulle alikuwa Basotu akinywesha ng'ombe ziwani. Akapokea, akasalimia kwa kirefu kama ilivyo desturi, akataja zake: nne na moja. Efrazia akampigia Agatha. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Akapiga ya katekista, ya mwalimu mkuu, ya mwenye duka la mbolea. Zote zilikuwa zimezimwa. Akampigia Judith, ikaita bila kupokelewa. Kwenye chumba cha wagonjwa mahututi simu huachwa nje. Ya Sista ilikuwa simu ya mezani ya nyumba ya watawa, na Sista mwenyewe alikuwa bado yumo njiani.

Alipompigia Sulle mara ya pili ndipo akajua. Kijiji kizima kilikuwa kanisani. Waliitisha ibada maalumu ya kumwombea Justina, na katekista alikuwa amewaagiza wote wazime simu, wasije wakamkatiza Mungu.

"Mama Justina, tulia," Sulle alisema. "Nachukua pikipiki. Nitamtoa Agatha humo ndani mwenyewe."

Kutoka Basotu hadi Endasak si pa kwenda na kurudi mara moja. Efrazia alikaa kwenye benchi, kadi mkononi. Saa tano na dakika kumi treni fupi ikaja. Milango ikafunguka mbele yake. Ndani kulikuwa na bibi mmoja na mbwa wake, na viti vitupu. Hakuna aliyesimama mlangoni, hakuna aliyetazama. Efrazia alisimama, akafika mpaka kwenye mstari mweupe, na miguu yake ikakataa. Miaka kumi na mmoja hakugusa kisicho chake. Aliliona jina lake limeandikwa kwenye daftari la watu asiowajua, halafu likasomwa Endasak. Milango ikajifunga, treni ikaondoka.

Saa moja nzima alitembea kutoka benchi hadi mashine na kurudi. Alimwomba Mungu, kisha akakasirika kwamba Mungu naye anasikiliza wale walioko kanisani. Saa sita na dakika kumi treni ya pili ikafika na kufungua milango. Safari hii aliweka mguu mmoja ndani. Akautoa. Alijiambia Sulle sasa hivi atakuwa amefika, kwamba aliyevumilia moja atavumilia na nyingine, na maneno mengine ambayo mtu hujiambia anapoogopa.

Simu iliita saa saba kasoro dakika nane. Alikuwa Agatha, anahema, nje ya kanisa, na nyuma yake watu walisikika wakiimba.

"Tisa na saba," Agatha alisema. "Mama Justina, ni tisa na saba. Mwaka niliomshika Justina. Nilisema nitaweka usiosahaulika."

Efrazia aliingiza kadi tena. Mwaka huo aliujua kabla ya Agatha kuujua. Angeambiwa ajaribu kubahatisha mara moja tu, angeanza na huo. Lakini kubahatisha ufunguo wa sanduku la watu ni kazi ya mwizi, na wazo lenyewe halikumjia. Alibonyeza nne, moja, tisa, saba. Mashine ikatoa tiketi kwa sekunde chache, bila shida yoyote.

Alipanda treni ya saa saba na dakika kumi, akaishika tiketi kwa mikono miwili njia nzima.

Judith alikuwa anamsubiri kwenye korido ya hospitali. Alimwamkia shikamoo, sauti ikakatika, na Efrazia akaelewa kabla hajaambiwa. Justina alikuwa amekata roho saa saba kasoro robo. Saa sita alizinduka vizuri kuliko siku zote za wiki ile, akauliza mama amefika wapi, Judith, aliyeijua ratiba ya safari, akamwambia yuko kituoni, karibu kabisa. Akasema atamngoja. Alingoja dakika arobaini na tano huku amegeukia mlango.

Judith alikuwa mtoto wa watu na hakukusudia ubaya. Aliposikia habari ya mashine na namba, alilia, akasema lile ambalo Efrazia hulisikia mpaka leo akiwa shambani. "Mama, ungepanda tu. Ungewaambia mwanangu anakufa. Wale nao wana watoto."

Walimzika Endasak, chini ya mlima. Kikundi kilipokutana baada ya matanga, Efrazia alilibeba sanduku mwenyewe, akaliweka katikati ya watu na kusema hatalilaza tena kwake. Agatha alianza kuomba radhi kwa kuzima simu. Efrazia akamkatiza. Akasema kufuli zile alizidai yeye, Agatha hana kosa. Hakuna aliyemuuliza swali la pili.

Tiketi anayo. Ameiweka mahali palipokuwa na sanduku, chini ya kitanda, ndani ya kitambaa. Haina tundu wala alama ya kalamu. Siku ile, tangu kituo kile hadi mjini, hakuna mkaguzi aliyeingia.